Django Reinhardt: vidole viwili vilivyobadilisha gitare

Usiku mumoja wa mwaka 1928, pembeni ya Paris, kijana wa miaka 18 alirudi nyumbani kutoka kazi yake ya kupiga banjo. Nyumba yenyewe ilikuwa gari la mbao la kukokotwa na farasi, vile Waroma wengi wa Ufaransa walivyoishi. Ndani mulijaa maua ya seluloidi ambayo bibi yake alikuwa anauzisha. Mushumaa ukagusa maua, na seluloidi inashika moto haraka sana. Wote wawili walitoka wazima, lakini Django Reinhardt aliungua vibaya muguu wa kuume na mukono wa kushoto.

Alizaliwa Liberchies, Ubelgiji, tarehe 23 Januari 1910. Masomo hakupata, muziki aliushika kwa sikio tu.

Waganga walitaka kukata muguu. Akakataa. Alikaa mwaka moja na nusu hivi akijiuguza, na ndugu yake Joseph akamuletea gitare kitandani. Vidole viwili vya mukono wa kushoto, kile kidogo na jirani yake, vilikuwa vimejikunja. Na mukono wa kushoto ndio unaotafuta sauti kwenye nyuzi! Mutu mwingine angeuzisha gitare. Yeye alianza upya: nyimbo alizikimbiza na vidole viwili vizima, vile vigonjwa vikasaidia tu kubana nyuzi nyembamba.

Mwaka 1934 yeye na Stéphane Grappelli, mupiga violoni, walianzisha Quintette du Hot Club de France: gitare tatu, violoni, besi kubwa. Ngoma hakuna, gitare mbili ndizo zilishika mudundo.

Vita viliwakuta London mwaka 1939. Grappelli akabaki, Django akarudi Paris. Wanazi waliua Waroma mamia ya maelfu, lakini yeye alipiga muziki katika muji ule ule, maofisa Wajerumani wakiwa wamekaa wanasikiliza. Mwaka 1943 alijaribu kukimbilia Uswisi, akashindwa kuvuka mupaka.

Mwaka 1946 alizunguka Marekani pamoja na Duke Ellington, kisha 1951 akahamia Samois-sur-Seine, kando ya muto, kuvua samaki. Tarehe 16 Mei 1953 alianguka karibu na nyumba yake. Munganga alichelewa. Damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo, akafa na miaka 43.

Makundi ya leo kama Rosenberg Trio ya Uholanzi bado yanapiga bila ngoma. Na kuna wapiga gitare wenye vidole vyote vizima wanaojifunza nyimbo zake na viwili tu.