Maisha ya Semei Kakungulu, Mtu wa Vita

 Nimetakiwa niandike habari za mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu wengi wamechagua wafalme. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakuwa mfalme, ingawa alitamani sana kuwa mfalme, na jina lake latajwa hata leo katika nchi yetu ya Tororo na Busia, wengine wakilitaja kwa sifa na wengine kwa uchungu. Mtu huyo ni Semei Kakungulu.

Kabla sijaanza, hebu tufikiri kidogo habari za mchezo. Katika timu nyingi za kandanda yuko mchezaji mmoja ambaye hakuwekwa uwanjani ili afunge mabao. Yeye ni beki mwenye mwili mkubwa, na kazi yake ni kuwatia wapinzani hofu. Nimesoma ya kuwa huko Kanada na Marekani, katika mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu, timu zilikuwa zikimlipa mtu mshahara kwa kazi hiyo hasa: apigane ngumi na yeyote atakayemwumiza mfungaji wao. Mtu wa namna hiyo huhama timu hii akaenda ile. Akichoka huachwa, na kikombe hupokewa na nahodha. Nilipokuwa nikisoma maisha ya Kakungulu nilimkumbuka mtu huyo mara nyingi.

Kakungulu alizaliwa karibu na mwaka wa 1868. Alitoka Koki, ufalme mdogo uliokuwa kusini magharibi ya Buganda na kuitolea kodi. Katika ujana wake alikuwa mwindaji wa ndovu. Siku zile pembe za ndovu zilikuwa ni mali kuu: kwa pembe mtu alipata bunduki, na kwa bunduki alipata watu wa kumfuata. Alifika Buganda wakati wa Kabaka Mwanga, aliyeanza kutawala mwaka wa 1884, akaingia katika utumishi wa mfalme. Huko akajifunza dini kwa Waprotestanti, akabatizwa, akaitwa Semei.

Mwaka wa 1888 Buganda iliingia katika vita vya dini. Mwanga aliondolewa katika kiti chake. Kisha Waislamu wakawafukuza Wakristo, nao wakakimbilia upande wa Ankole. Huko ugenini ndipo nguvu za Kakungulu zilipoonekana. Wakristo waliporudi kupigana ili kumrudisha Mwanga, yeye alikuwa miongoni mwa wakuu wa vita, na kufika mwaka wa 1890 jina lake lilijulikana kila mahali. Lakini cheo kikubwa, yaani Ukatikiro, alipewa Apolo Kagwa. Kagwa naye alikuwa hodari vitani, lakini tena alijua kukaa barazani na kusemezana na Wazungu. Tangu hapo watu hawa wawili walikuwa kama majogoo wawili katika ua mmoja.

Kakungulu hakukosa ujira kabisa. Alipewa cheo cha Kimbugwe, yaani mlinzi wa kitovu cha Kabaka, cheo ambacho hapo kale kilikuwa karibu sawa na cha Katikiro. Alimwoa binti wa ukoo wa kifalme. Alipowashinda Wanyala wa Bugerere alipewa nchi ile aitawale. Mwaka wa 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza, na mwaka ule ule askari wa Kisudani wa Serikali wakaasi pia. Kakungulu alisimama upande wa Waingereza, akampigania adui wa mfalme yule yule aliyempigania zamani. Lakini ugomvi wake na Kagwa ulizidi hata akauacha Ukimbugwe. Sasa alikuwa mtu mwenye bunduki nyingi na wafuasi wengi, asiye na nafasi nyumbani. Mtu wa namna hiyo ni hatari, na Serikali ilijua hivyo. Ikaona ni heri nguvu zake zitumike mbali.

Kazi iliyompa sifa kuliko zote aliifanya tarehe 9 Aprili 1899. Mwanga alikuwa amekimbilia Lango, kaskazini ya Ziwa Kyoga, akajiunga na Kabalega, Mukama wa Bunyoro, aliyewapinga Waingereza kwa miaka mingi. Kakungulu na watu wake, pamoja na Kanali Evatt na askari wa Serikali, waliwazingira na kuwakamata wafalme wote wawili siku moja. Kabalega alipigwa risasi mkononi, na mkono ukakatwa. Wote wawili walipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwanga alikufa huko mwaka wa 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka wa 1923, akafia Jinja kabla hajafika kwao Bunyoro. Hivyo Waingereza waliondolewa adui zao wawili wakubwa, na Kakungulu akangoja malipo.

Malipo aliyoyatamani yalikuwa nchi, na nchi aliyoiona ilikuwa huku kwetu, mashariki ya Ziwa Kyoga. Waganda waliwaita watu wa huku Wakedi, kwa maana ya watu wasiovaa nguo, na nchi wakaiita Bukedi. Jina hilo la dharau liliandikwa na Serikali katika vitabu, likawa jina la wilaya nzima, na makao yake makuu baadaye yakawa Tororo. Tazameni jinsi jina linavyoweza kushikamana na watu ambao hawakulichagua.

Inafaa tujue Kakungulu alivyofanya kazi yake. Watu wa huku, yaani Wateso, Wagwere, Wapadhola, Wagisu na wengineo, hawakuwa na mfalme mmoja. Kila ukoo ulikuwa na wazee wake. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kushindwa kwa niaba ya wote. Ilikuwa lazima ukoo huu upigwe, kisha ule. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hapakuwa na mtu wa kuwakusanya wote pamoja. Mikuki ya ukoo mmoja haikuweza kusimama mbele ya bunduki. Kakungulu aliingia mahali, akajenga ngome yenye handaki, akamweka kiongozi wa Kiganda pamoja na watu wa bunduki, kisha akaenda mbele kujenga nyingine. Panapo ngome palilimwa migomba, kwa kuwa Waganda hula ndizi, na wenyeji wetu walikuwa walaji wa wimbi. Barabara zilikatwa kutoka ngome hii hata ile. Ngome yake kubwa ilikuwa Budaka, na kufika mwaka wa 1901 alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika sehemu hizi.

Lakini ni nani aliyewalipa watu wake? Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Serikali ilifurahi kuona nchi inatiwa chini ya bendera yake, lakini haikuwapa mshahara watu wale maelfu waliomfuata. Walilipwa kwa ng'ombe na kwa mashamba waliyoyakuta. Wenyeji walitoa chakula, walitoa mifugo, walilima barabara na kujenga ngome. Anayekataa, nyumba yake ilichomwa. Mkubwa asipomlipa mtu wake wa nguvu, mtu huyo hujilipa mwenyewe kutoka kwa mnyonge. Siwezi kumsifu Kakungulu kwa ushujaa wake nikawasahau waliokosa ng'ombe wa mahari na wa maziwa ili ushujaa huo uendelee.

Bwana Harry Johnston alikuja Uganda kuwa Kamishna mkuu wa Serikali, akafanya mapatano na wakuu wa Buganda mwaka wa 1900. Kagwa na wenzake walipata ardhi nyingi kwa maandishi. Kakungulu aliamini ya kuwa Johnston amekubali awe Kabaka wa Bukedi, akajitwalia heshima za mfalme. Lakini mapatano ya Kagwa yaliandikwa karatasini, na ufalme wa Kakungulu ulikuwa maneno tu. Johnston akaondoka nchini. Malalamiko juu ya unyang'anyi wa ng'ombe yakaongezeka, na mwaka wa 1902 Serikali ikamtuma Bwana William Grant. Kakungulu alilazimishwa kuiacha Budaka. Akapewa eneo la maili 20 za mraba huko Mbale, chini ya Mlima Elgon. Waingereza wakamlaumu kwa unyang'anyi ambao walikuwa wameufumbia macho ulipowafaa.

Hapo angaliweza kukata tamaa, lakini hakukata. Mahali pale alipanda migomba na miti, akanyosha barabara, akakusanya watu. Wafanya biashara wakaja, Wahindi, Waarabu na Waswahili, na kwa muda mfupi Mbale ikawa mji wenye soko kubwa. Serikali ilipoona hivyo ikayahamishia makao yake huko huko, karibu na mtu yule yule iliyemfukuza Budaka! Nikipanda basi kutoka Tororo kwenda Mbale, nami naufurahia mji ule, hukumbuka ya kuwa mwanzo wake ni mtu aliyenyang'anywa kazi.

Na upande wa pili wa mpaka, je? Huko Nabongo Mumia wa Wanga naye aliwapa Waingereza wapiganaji, wakaenda pamoja na Bwana Hobley kuwapiga Wabukusu mwaka wa 1895. Mwaka wa 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Wateso na Wasamia wakajikuta wamegawanyika huku na huku. Mumia alifanywa chifu mkuu mwaka wa 1909, na ndugu zake wakapewa kuwatawala watu wasio wa kabila lao. Kwa hiyo mzee wa Busia ya Kenya na mzee wa Busia ya Uganda wana kisa kimoja cha kusimulia, majina tu ndiyo tofauti.

Mwaka wa 1906 Kakungulu alitumwa Jinja awe mkuu wa Baraza la Busoga. Alikaa huko mpaka mwaka wa 1913, kisha cheo kile kikaondolewa, naye akarudi Mbale. Alikuwa amewatumikia Mwanga, Wakristo wenzake na Waingereza, na kila mara kazi ilipokwisha alisogezwa kando. Nguvu za mwili zilikuwa zinapungua, lakini akili yake haikulala. Alijiunga na dini ya Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali. Kisha akazidi kuisoma Biblia, hasa vitabu vya Musa, na mwaka wa 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akatangaza ya kuwa wao sasa ni Wayahudi. Wengi walimcheka. Wengine walisema ni hasira ya kunyimwa ufalme, na huenda hasira ilikuwamo, lakini aliendelea kuwafundisha watu wake kwa muda wa miaka tisa, akawaandikia kitabu cha sala na kanuni.

Kakungulu alikufa tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama karibu na Mbale. Jumuiya yake ilibaki, nao huitwa Abayudaya. Katika utawala wa Idi Amin, tangu 1971 hata 1979, ibada yao ilikatazwa, na wengi wakaiacha, lakini wachache waliitunza kwa siri. Mpaka leo wanasali katika kilima cha Nabugoye, na Wayahudi wa nchi za mbali huja kuwatembelea.

Wasomaji wapenzi, mimi nimejifunza mambo mawili. La kwanza ni hili: anayekodisha nguvu zake kwa mwingine hukubali pia mwingine huyo apange bei. Kakungulu alipiga vita karibu miaka 15 kwa ajili ya watu wengine, na ufalme alioahidiwa hakuupata. Lililodumu ni lile alilolifanya kwa mikono na akili yake mwenyewe, yaani mji na jumuiya.

La pili ni la kwetu sisi. Baadhi yetu hapa shuleni ni wenye miili mikubwa, na katika nyumba za kulala hutumwa na wakubwa kuwatisha wadogo. Mimi mwenyewe nilipokuwa kidato cha pili nilitumwa hivyo, nikaona fahari, nikamnyang'anya mtoto mmoja sukari yake ili nimpelekee aliyenituma. Yeye alikunywa chai tamu. Mimi niliadhibiwa kulima siku tatu. Na yule mtoto hakurudishiwa sukari yake. Nilipofika katika habari za Budaka nilifunga kitabu kidogo, nikamfikiri mtoto yule. Sasa yuko kidato cha tano. Juma lililopita nilimpelekea sukari, akacheka, maana alikuwa amekwisha sahau. Lakini mimi sikusahau.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita