MLEVI ALIYETAFUTA MLEVI MWENZAKE

Katika mitaa yetu tunawajua watu walioapa mara nyingi mbele ya kasisi na mbele ya wake zao kwamba hawatakunywa tena, na kabla ya juma kwisha wakaonekana kilabuni. Wengi wetu huwahesabu kuwa waongo. Maisha ya Bwana William Wilson wa Marekani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bill, yanaonyesha kwamba huenda hawakusema uongo walipoapa.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont. Wazazi wake walipoachana, yeye na dada yake walilelewa na babu na bibi. Mwaka 1917, akiwa ofisa kijana wa jeshi, alionja kileo kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu mwenye haya, na glasi zile zikamfungua ulimi. Baada ya vita alifanya biashara ya hisa huko New York, akapata fedha nyingi. Soko la hisa lilipoanguka mwaka 1929 fedha zilikwisha, pombe ikabaki. Mkewe Lois, binti wa daktari, ndiye aliyekwenda kufanya kazi dukani ili nyumba ipate kula. Bill aliandika viapo vyake katika Biblia ya nyumbani, akavivunja vyote.

Alilazwa mara kadhaa katika Hospitali ya Towns, New York. Daktari wa huko, William Silkworth, alimweleza kwamba ulevi ni ugonjwa: mwili haukistahimili kileo, na akili haiachi kukitamani. Kisha mwezi wa Novemba 1934 akatembelewa na rafiki yake wa ujana, Ebby Thacher, aliyekuwa mlevi kama yeye, naye sasa hanywi. Ebby alikuwa amesaidiwa na watu wa kundi la sala waliokutana katika Kanisa la Calvary, la Waanglikana wenzetu wa Marekani, ambalo mchungaji wake alikuwa Kasisi Samuel Shoemaker. Mwezi uliofuata Bill alirudi hospitali, akamlilia Mungu, akaona chumba kimejaa nuru. Hakunywa tena mpaka kufa kwake. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Kwa miezi kadhaa aliwahubiria walevi wa New York kuhusu nuru ile. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Daktari Silkworth akamshauri apunguze mahubiri, awaeleze kwanza habari za ugonjwa wenyewe. (Sisi walimu tungesema: anza na lile analolijua mwanafunzi.)

Mwezi wa Mei 1935 alisafiri kwenda mji wa Akron, Ohio, kwa shughuli ya biashara, nayo ikaharibika. Siku ya Jumamosi alijikuta peke yake katika ukumbi wa hoteli, mfukoni akiwa na dola chache. Upande mmoja palikuwa na baa, na vicheko vilisikika. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Akaogopa, kwa kuwa aliijua njia ya baa vizuri. Akaishika simu, akampigia kasisi wa Kianglikana, Walter Tunks, mtu asiyemjua kabisa, akamwambia kwamba anatafuta mlevi wa kuzungumza naye. Naona kasisi yule anastahili heshima: hakumkatia simu wala hakumkaripia, bali alimpa majina ya watu. Bill akayapigia moja baada ya jingine, mpaka mama mmoja, Henrietta Seiberling, akakubali kumkutanisha na daktari wa upasuaji, Robert Smith.

Daktari Smith alikuja kesho yake jioni kwa shingo upande, akiwa amemwambia mkewe kwamba atakaa dakika 15. Walizungumza zaidi ya saa sita. Bill hakumhubiria, alimsimulia mambo yake mwenyewe, na daktari akasikia kwa mara ya kwanza mtu anayeyajua maisha yake. Tarehe 10 Juni 1935 Daktari Smith alikunywa mara ya mwisho. Siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa vikundi vya Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina.

Taratibu zake ni nyepesi. Hakuna ada. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha kunywa. Hutumia jina la kwanza, na asiyetaka kusema husikiliza tu. Mikutano mingi hufanyika katika vyumba vya makanisa, ingawa vikundi si mali ya dhehebu lolote. Kitabu chao kilitoka mwaka 1939, wakiwa watu 100 hivi. Mwaka 1951 Lois alisaidia kuanzisha vikundi vingine, vya wake, waume na jamaa wa walevi, ambao nao huumia sana.

Bill hakuwa malaika. Alisumbuliwa na huzuni nzito kwa miaka mingi, na sigara, ambazo hazikumtoka kirahisi, ziliharibu mapafu yake. Mwaka 1954 alikataa shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Yale. Alifariki tarehe 24 Januari 1971, ndipo magazeti yakachapa jina lake kamili. Alizikwa East Dorset.