Mwalimu Nyerere: Mtu wa Amani Aliyepigana Vita

Kwetu hapa Malinya mtoto hujua sheria za vita vya mafahali kabla hajajua kusoma. Mafahali wawili huletwa uwanjani kwa ngoma za isukuti, husukumana pembe kwa pembe, na yule anayegeuka na kukimbia ndiye ameshindwa. Basi, mchezo umekwisha. Sikujua kwamba sheria hiyo ingenifanya nishindwe mdahalo mbele ya Chama cha Kiswahili kizima!

Hoja ilikuwa kwamba Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alikuwa mtu wa amani. Mimi niliiunga mkono, tena kwa mbwembwe. Ndipo mpinzani wangu akasimama akauliza jambo moja tu: ikiwa Idi Amin alikuwa amekwisha kutimuliwa kutoka Kagera, mbona Mwalimu akamfuata hadi Kampala? Kisha akamalizia kwa methali kwamba amani haiji ila kwa ncha ya upanga, akaketi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nikabaki kimya kama aliyemwagiwa maji baridi. Tangu siku hiyo nimesoma, na haya ndiyo niliyopaswa kusema.

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kijijini Butiama, karibu na Musoma. Babake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki mwenye wake 22, na mamake, Mgaya, alikuwa mke wa tano. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12. Alipofika Tabora aliwapita wengi, na mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 21, alibatizwa katika Kanisa Katoliki akapewa jina la Julius. Alisoma Makerere, akafundisha shule ya Mtakatifu Maria huko Tabora, kisha akaenda Edinburgh alikokaa kuanzia 1949 hadi 1952. Aliporudi alimwoa Maria, akafundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa naye akiwa rais wake. Mwaka uliofuata alilazimika kuchagua kati ya chaki na siasa. Akaacha mshahara, akachagua siasa. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Mwalimu alikuwa mtu wa misa za asubuhi, lakini hakuifanya serikali kuwa kanisa. Nchi yake ilikuwa na Waislamu na Wakristo wa madhehebu mengi, naye alijua hivyo. Hata hivyo imani yake ilionekana katika mambo ya nje. Mwaka 1963 Papa Yohane wa 23 aliandika waraka akifundisha kwamba amani husimama juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru. Pakikosekana haki, utulivu ni wa juujuu tu. Mwalimu naye alishika msimamo kama huo. Mwaka huohuo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wakapata makao. Mwaka 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ingawa alijua kwamba mkopo wa mamilioni ya pauni ungepotea. Ukapotea kweli. Mwaka 1968 aliitambua Biafra, jambo lililofanywa na nchi nne tu za Afrika, kwani aliona umoja wa taifa hauna maana kwa watu wanaoogopa kuangamizwa. Wengi walimkasirikia. Na mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll huko Marekani kwamba Kanisa lisiposimama na maskini dhidi ya dhuluma litapoteza maana machoni pao.

Sasa tufike Kagera. Amin alitwaa madaraka mwaka 1971. Chini yake waliuawa maelfu kwa maelfu, wakiwemo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka na Askofu Mkuu Janani Luwum. Oktoba 1978 jeshi lake liliingia Tanzania na kutangaza kwamba eneo la Kagera ni la Uganda. Kanisa, tangu Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Thoma wa Akwino, hufundisha kwamba vita huwa halali kwa masharti: viamriwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya haki na nia safi, na njia nyingine ziwe zimeshindikana. Kumfukuza mvamizi hakuna ubishi. Lakini Kampala je? Ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, miaka 16 kamili tangu waraka ule wa amani utolewe!

Nilimpelekea babu swali hilo, maana amefuga mafahali tangu ujana wake. Alinikumbusha nusu ya sheria niliyoisahau. Fahali aliyeshindwa hukimbia na hasira zake hadi katikati ya watu, na vijana wasipomfuata wamfunge kamba, ataua mtu. Nilifurahi kweli. Nikadhani nimepata jibu.

Lakini si jibu kamili, na ni lazima niseme ukweli. Mwalimu alikuwa rafiki wa Milton Obote, aliyepinduliwa na Amin, kwa hiyo si ajabu watu waliitilia shaka nia yake. Tena Uganda haikutulia. Serikali zilibadilika, Obote akarudi, na vita vya msituni vikaanza mwaka 1981. Kumfunga fahali ni jambo moja, na kuitengeneza boma aliyoivunja ni jambo lingine. Nyumbani pia Mwalimu alikuwa na makosa. Watu waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na wengine wakahamishiwa vijiji vya ujamaa kwa nguvu.

Nadhani yeye mwenyewe alijifunza. Aling'atuka mwaka 1985, na kuanzia 1996, akiwa mzee wa miaka sabini na ushei, alikubali kuwapatanisha Warundi. Safari hii silaha yake ilikuwa meza, viti na subira, pamoja na vikwazo vya nchi jirani. Alifia London tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000, Nelson Mandela akiwa amemrithi kama msuluhishi. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza kuwa mtakatifu.

Je, mtu aliyepigana vita aweza kuwa mtu wa amani? Leo ningejibu kwamba aweza, mradi asiuite upanga wake amani. Ile methali ya mpinzani wangu ina ukweli nusu. Upanga waweza kumwondoa dhalimu, lakini amani yenyewe huja baadaye, polepole, kwa watu kuketi na kusemezana. Mpinzani wangu, ukisoma haya, tukutane muhula ujao. Nitakuwa tayari.