Sayyid Abdallah, mshairi aliyeona utajiri wa Pate ukiisha

KINDU – Hapa Maniema, wazee wanaijua habari ya Nyangwe, soko la kando ya Lualaba ambalo pembe zake za tembo zilifika hadi Zanzibar. Leo ni kijiji tu. Lakini kabla Nyangwe haijavuma, mji mwingine wa Waswahili ulikuwa umekwisha kuanguka: Pate, kisiwani karibu na Lamu, pwani ya Kenya. Aliyeandika anguko hilo ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir.

Alikuwa sharifu wa ukoo wa Sheikh Abu Bakr bin Salim, uliotoka Hadhramaut, nchini Yemen. Aliishi katika karne ya 18 hadi mwanzo wa karne ya 19.

Pate ilitajirika kwa biashara ya bahari. Matajiri wake walipanga sahani za China katika madaka ya kuta zao. Kisha watawala wakagombania kiti, vita vikafuatana, na karibu mwaka 1812 Pate pamoja na Mombasa zilishindwa na Lamu huko Shela.

Ndipo Sayyid Abdallah akatunga Al-Inkishafi, utenzi wa beti zaidi ya 70. Hamgombezi sultani wala tajiri, bali moyo wake mwenyewe unaopenda dunia. Anauonyesha nyumba za mabwana wa jana: ndege wamezaa katika madaka, popo wananing'inia juu, nyenje wanalia kumbini. Wenye nyumba wako kaburini.

Njia hiyo ilikuwa ya zamani. Waarabu huyaita mashairi ya kuipa dunia kisogo zuhdiyat. Bingwa wake, Abu al-Atahiya, aliyewahi kuuza vyungu huko Kufa, alisifika Baghdad miaka 1,000 hivi kabla yake. Sayyid Abdallah aliileta njia hiyo katika Kiswahili, na badala ya wafalme wa mbali akataja watu wa mji aliowajua.

Mwaka 1939 William Hichens alichapisha utenzi huo London, na bado unasomwa vyuoni. Magofu ya Pate yamezungukwa na mashamba ya tumbaku. Kwa Maniema ya leo, inayochimba dhahabu na kasiterite, swali lake kwa moyo bado lipo: mali ikipita, kitabaki nini?