Mechnikov: Mtafiti aliyeona vita vya kuvu ndani ya kidudu cha dimbwini

Mto Tana unapofurika na kisha kurudi mkondoni mwake, huacha madimbwi kwenye nyanda za Golbanti, eneo la Garsen. Katika maji baridi yaliyotuama, karibu kila pembe ya dunia, huishi vidudu viitwavyo viroboto wa maji. Ni vidogo, na mwili wao hupitisha nuru kama kioo. Mwaka 1886, wamisionari wa Kimethodisti John Houghton na mkewe walipouawa Golbanti, ilikuwa imepita miaka miwili tangu Ilya Mechnikov atangaze alichokiona ndani ya vidudu hivyo.

Mechnikov alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, katika Ukraine ya leo. Alimaliza shahada ya miaka minne kwa miwili, akawa profesa mjini Odessa. Majonzi hayakumwacha: mke wake wa kwanza alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1873, naye akajaribu kujiua.

Mwaka 1882 alikuwa Messina, Sicily. Siku moja jamaa zake walipokwenda kutazama sarakasi, yeye alibaki na hadubini yake. Aliwachoma mabuu wa kiti cha pweza kwa miiba ya waridi. Kulipopambazuka, chembe zitembeazo zilikuwa zimeizingira miiba hiyo.

Lakini mwiba hauna uhai, wala hauui. Ushahidi wenye uzito ulitoka kwa viroboto wa maji waliougua kuvu ya jamii ya hamira. Kiroboto humeza mbegu za kuvu hiyo, nyembamba kama sindano. Mbegu hutoboa utumbo na kuingia mwilini. Hapo chembe nyeupe huzikimbilia, huzizingira na kuzimeza, kisha huzisaga hadi zikapoteza umbo. Zikiwahi, kiroboto hupona. Mbegu zikichipuka kwanza, kuvu huzaana, chembe nyeupe huyeyuka, na mgonjwa hufa. Mechnikov aliyafuatilia haya yote katika kidudu kilicho hai, bila kukipasua.

Wataalamu wengi wa Ujerumani walimpinga, wakishikilia kwamba majimaji ya damu ndiyo yauayo vijidudu. Mwaka 1888 alihamia Paris, katika Taasisi ya Pasteur, na mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, mtetezi wa upande wa pili. Wote wawili walikuwa na haki: viini-kinga vya damu hukipaka kijidudu, na chembe nyeupe hukimeza kwa wepesi zaidi.

Afrika Mashariki vita hivyo tunavijua kwa uchungu. Kuvu iitwayo kriptokoka huvutwa kwa pumzi pamoja na vumbi, hasa lenye kinyesi cha njiwa. Ina ganda nene la utelezi linaloifanya iwe ngumu kumezwa. Mwenye kinga timamu huishinda bila kujua. Virusi vya Ukimwi vinapoua chembe za CD4, ambazo huzichochea chembe mezaji, kuvu hupanda hadi kwenye utando wa ubongo. Ndiyo maana mgonjwa mwenye CD4 chini ya 100 hupaswa kupimwa damu mapema, kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Mechnikov alifariki Paris mwaka 1916, na majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi aliyoitumikia. Kuvu ile iliyowaua viroboto wake leo huitwa Metschnikowia, kwa jina lake.