Samuel Colt: Jamaa Aliyeacha Shule, Akatajirika na Bastola na Kukatalia Dole Gumba

Kwa zile filamu za kikauboi, kuna kitu stelingi hakosi kufanya. Kabla apige risasi, anavuta kile kinyundo cha nyuma ya bastola na dole gumba. Klik. Alafu ndio anafyatua. Wengi hudhani ni mbwembwe za kutisha adui. Zii. Bila hiyo klik, bastola yake haitoki. Msee aliyeuza mtindo huo dunia nzima ni Samuel Colt, na alifariki bila kuuacha.

Alizaliwa Julai 19, 1814, mjini Hartford, Connecticut, Marekani. Mamake alifariki Colt akiwa bado mtoi. Budake alikuwa na kiwanda cha nguo huko Ware, Massachusetts, kwa hivyo kijana alizoea mashine mapema. Masomo ndiyo yalimshinda. Mwaka wa 1830 akiwa Amherst Academy, alicheza na baruti, moto ukazuka, na shule ikaishia hapo.

Alitumwa baharini, kwa meli iliyokuwa inaenda Calcutta, India. Inasemekana aliangalia usukani wa meli ukizunguka na kushikwa mahali, akili ikawaka. Akachonga mfano wa mbao wa bastola yenye silinda inayozunguka, kila tundu na risasi yake.

Shida ikawa doh. Colt akajiita Dokta Coult, akaanza kuzunguka miji na gesi ya kuchekesha. Watu walilipa kuivuta mbele ya umati, wakaanza vituko. Hizo pesa ndizo zililipa mafundi wa bunduki.

Februari 25, 1836 alipata haki ya uvumbuzi Marekani, akafungua kiwanda Paterson, New Jersey. Jeshi likanunua kidogo tu, na 1842 kiwanda kikafa. Mwaka huo huo, kakake John, aliyehukumiwa kunyongwa kwa mauaji New York, alipatikana amekufa ndani ya seli siku ya kunyongwa. Colt alikuwa ameanguka chini kabisa.

Kilichomwinua ni vita. Mwaka wa 1844, Rangers wa Texas walitumia bastola za kile kiwanda kilichokufa kupigana na Wacomanche. Zamani, askari akishindilia risasi moja, mpiganaji wa Comanche alikuwa ashaachilia mishale kadhaa akiwa juu ya farasi. Sasa mambo yakageuka. Tusisahau hapo: utajiri wa Colt ulijengwa kwa silaha iliyosaidia kuwanyang'anya watu ardhi yao.

Samuel Walker alikuwa kwa hayo mapigano. Vita vya Marekani na Mexico vilipoanza 1846, alimtafuta Colt, na oda ya bastola 1,000 ikatoka. Colt hakuwa na kiwanda, ikabidi zitengenezwe kwa kiwanda cha Eli Whitney mdogo. Zilikuwa za risasi 6, na kila moja ilikuwa na uzito wa kama kilo 2.

Mpinzani aingia London

Mwaka wa 1851, Colt alipeleka bastola zake kwa yale Maonyesho Makuu ya London. Huko akakutana na moto wa Mwingereza, Robert Adams.

Tofauti yao ilikuwa hivi. Ya Colt ni singo aksheni: triga inafanya kazi moja tu, kuachilia nyundo. Dole gumba ndilo linavuta nyundo nyuma na kuzungusha silinda. Triga inakuwa nyepesi, mkono hautikisiki, unalenga fiti. Lakini kila risasi inadai dole gumba tena.

Kwa Adams, triga ilifanya kila kitu. Ukiivuta, silinda inazunguka, nyundo inapanda, alafu inaanguka. Vuta tena, inatoka tena. Ni mwendo mrefu na mzito, kwa hivyo kulenga mbali ni noma. Lakini adui akiwa hatua mbili mbele yako na upanga, nani ana muda wa kuvuta nyundo?

Colt hakutingisika. Alifungua kiwanda London 1853, akitegemea mashine kutoa bastola nyingi. Lakini kwa Vita vya Crimea, maofisa wengi Waingereza walipenda ile ya Adams kwa mapigano ya karibu.

Alafu 1856 ofisa mmoja, Frederick Beaumont, akamaliza ubishi. Aliboresha bastola ya Adams ili ifanye zote mbili: ukiwa na muda, vuta nyundo na dole gumba; ukibanwa, vuta triga tu. Hiyo ndiyo dabo aksheni tunayoijua. Jeshi la Uingereza likaichukua. Mwaka huo huo, Colt akafunga kiwanda cha London.

Nyumbani hakuumia sana. Kiwanda chake kikubwa cha Hartford kilikuwa kimefunguliwa 1855, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 vilileta oda kibao. Lakini Januari 10, 1862 akafariki, akiwa na miaka 47. Mali yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 15, na kampuni ikabaki mikononi mwa mkewe, Elizabeth.

Ile bastola ya filamu, Single Action Army, ilitoka 1873. Colt hakuiona. Na 1877, miaka 15 baada ya kuzikwa, kampuni yake ikaanza kuuza dabo aksheni. Ubishi ukaisha, mwenyewe akiwa kaburini.

Lakini usimcheke. Rivolva nyingi za siku hizi ni za mtindo wa Beaumont, na mpigaji akitaka kulenga kitu kidogo kilicho mbali, bado anarudisha dole gumba nyuma. Klik. Colt alikuwa sahihi kuhusu kulenga. Alichokataa ni kwamba vita havikupi muda wa kulenga kila mara.

Wewe ungechagua gani, ya Colt ama ya Adams?