Mzigo Aliotwikwa Mwalimu Nyerere

Tangu kazi iniondoe pwani na kunileta Thika, jina la Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere nimelisikia mara nyingi kuliko nilivyotazamia, na kila litajwapo hutajwa kwa jambo moja tu, kwamba ndiye aliyeuua uchumi wa Tanzania. Husemwa hivyo viwandani na madukani, husemwa hata barazani kwetu Majengo baada ya sala ya alasiri, na ukishuka Ruiru utayasikia yayo hayo. Kenya ilishiba, huambiwa, kwa kuwa kila mtu aliachiwa mali yake. Tanzania ikapiga foleni ya sabuni kwa kuwa mtu mmoja aliitia mali ya watu wote katika kapu moja. Hadithi hii ni nyepesi kushika, na ndiyo maana imedumu. Lakini mimi nina macho, na Thika hii ninayokaa na Ruiru hiyo ninayoipita kila juma hazikubaliani nayo.

Tumjue kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa Butiama, upande wa Musoma, mwezi wa Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki mwenye wake wengi, na mama yake ni Mgaya wa Nyang'ombe. Alichunga mbuzi hata alipotimu miaka 12 ndipo akatiwa skuli ya Mwisenge, Musoma. Toka hapo akaenda Tabora, kisha Makerere, ambako alisoma ualimu kuanzia 1943 hadi 1945. Mnamo 1949 akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarejea 1952 na shahada yake, na serikali ya Kiingereza ikamwona akishika chaki katika skuli ya Wakatoliki huko Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Ualimu ndio uliompa jina lililomganda hadi kaburini.

Hapa sisi watu wa pwani tuna la kusema, kwani historia mara nyingine husimuliwa kana kwamba Mwalimu aliteremka Dar es Salaam na chama chake mkobani. Sivyo. Aliwakuta wenyeji wa mji wameshaanza. Walikuwako kina Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz, wana wa mjini, Waislamu, waliomkaribisha, wakamjulisha kwa watu na kumsaidia kwa hali na mali. Alikuwako Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni ambaye neno lake lilisikizwa misikitini. Alikuwako Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wa lelemama chamani kwa maelfu. Mwalimu alichaguliwa kukiongoza chama cha African Association mwaka 1953, na tarehe 7 Julai 1954 kikageuzwa kuwa TANU. Mwaka uliofuata, baada ya kwenda New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akaacha kazi ya skuli na mshahara wake. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 bila ya vita, na mwaka mmoja baadaye akawa Rais.

Miaka ya mwanzo ya utawala wake naiacha, ingawa ndani yake yamo maasi ya askari ya Januari 1964 na Muungano na Zanzibar wa Aprili mwaka huo huo, ambao ni mada ya siku nzima. Kesi tunayoisikiliza leo inaanza tarehe 5 Februari 1967, lilipotangazwa Azimio la Arusha. Kesho yake mabenki yakataifishwa, yakafuata makampuni ya bima, vinu vya unga na mashamba mengi ya mkonge. Viongozi wakakatazwa kupangisha nyumba na kuwa na hisa katika makampuni. Bibi Titi, aliyekuwa na nyumba zake, akajitoa katika uongozi. Mwaka 1971 likaja jambo lililowagusa jamaa zetu wa Tanga na Dar es Salaam moja kwa moja: majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakawa mali ya serikali. Zipo familia za Mombasa ambazo mpaka leo zikisikia Azimio hazikumbuki siasa, hukumbuka nyumba ya babu.

Sitaki kumsafisha. Yapo makosa yaliyo yake, na mtu asiyapake rangi. Kuhamia vijijini kulianza kwa hiari, kukaishia kwa nguvu. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya wakulima waliondolewa kwenye mashamba yao, wengine wakipakiwa malorini na nyumba zao zikitiwa moto nyuma yao ili wasirudi. Wengi waliwekwa kando ya barabara, mbali na maji na mbali na ardhi waliyoijua. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vya ushirika, ambavyo wakulima walivijenga kwa jasho lao tangu enzi ya Mwingereza, na mazao yakakabidhiwa mashirika ya umma yaliyochelewa kulipa, na yakilipa hulipa kidogo. Mkulima ni mtu wa hesabu. Akiona zao halimlipi huliacha, au huliuza kwa njia za panya. Mashirika yakafika mamia. Huko Morogoro kikajengwa kiwanda cha viatu cha kuuzia Ulaya, ambacho hakikupata kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake. Aliyetoa mkopo wa kiwanda hicho, ni vyema tuongeze, ni Benki ya Dunia, ambayo haikusomewa shtaka.

Nikiyawaza haya humkumbuka mtu wa mbali, Herbert Hoover wa Marekani. Huyu kabla ya kuwa rais alikuwa mhandisi aliyesifiwa ulimwenguni kwa kuwalisha Wabelgiji katika vita vya kwanza. Akaingia Ikulu ya Washington mwezi wa Machi 1929, na mwezi wa Oktoba soko la hisa likaanguka. Mafukara waliokosa makazi wakayaita mabanda yao kwa jina lake, akashindwa vibaya uchaguzi wa 1932, na kwa miaka mingi akawa ndiye mfano wa rais mbaya. Baadaye wanahistoria walipotulia waliona kwamba kosa lake lipo, lakini mporomoko wenyewe ulikuwa wa dunia nzima. Bei za mkonge na kahawa zilianguka hata huku Thika na Ruiru, ambako hakuna aliyempigia kura. Mizani ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka kwa Mwalimu.

Basi tuweke upande wa pili. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda mara nne kwa miezi michache, na ikafuatana na ukame wa 1973 na 1974 uliolazimisha Tanzania kununua nafaka nje kwa fedha za kigeni. Oktoba 1978 Idi Amin akaivamia Kagera. Tanzania ikapigana mpaka Kampala, iliyotekwa Aprili 1979, na nchi zilizoshangilia hazikusaidia kulipa. Mwaka huo huo mafuta yakapanda tena. Na mkonge? Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964. Kufika katikati ya miaka ya 1980 hazikufika 50,000. Huambiwa ni Azimio lililoua mkonge. Utaifishaji na uendeshaji mbovu viliongeza maradhi, sikatai, lakini kamba za plastiki zilikwisha kuipiga bei kabla Azimio halijaandikwa. Kenya haikutaifisha shamba hata moja la mkonge, lakini mkonge wa Thika nao ulinywea, na pahala pake pakatawaliwa na mananasi ya kampuni ya Kimarekani.

Jambo jingine husahauliwa kabisa. Uchumi wa Tanzania na wa Thika ulikuwa ndugu. Katika soko moja la Afrika Mashariki, viwanda vingi vilijengwa Nairobi, Thika na Mombasa, na Watanzania wakawa wanunuzi. Walilalamika tangu mwanzo. Mkataba wa Kampala wa 1964 wa kugawana viwanda ulivunjika kwa kuwa Kenya haikuuthibitisha. Jumuiya ilipokufa mwaka 1977 na shirika la pamoja la ndege kusimama, Mwalimu akaufunga mpaka mwezi wa Februari. Mzee mmoja wa msikitini kwetu, aliyekuwa fundi wa mashine za kufuma, alinieleza kwamba robota za kanga na marekani zilizoandikwa Arusha na Dar es Salaam zilikaa ghalani mpaka zikaliwa na panya, na zamu ya usiku ikakatwa. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni Mombasa, nikinakili aya ubaoni, na ninayoyakumbuka ni jamaa wa Tanga waliovuka Lungalunga usiku kwa miguu, wakirejea na sabuni na dawa ya meno zilizofichwa ndani ya magunia ya nazi. Mpaka ulikaa hivyo hadi Novemba 1983. Aliyefunga mlango alijiumiza mwenyewe na kumuumiza jirani, lakini nyumba ile haikubomolewa na mtu mmoja.

Sasa njooni mtembee nami Thika ya leo. Mji huu uliosifiwa kwa viwanda una majengo marefu ya mabati yenye makufuli, na mengine yamegeuzwa maghala. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, nguo za mitumba ziliingia kwa meli, na viwanda vya kufuma vikafa kimoja baada ya kimoja. Hapakuwa na Azimio hapa. Mwaka 1993, baada ya kashfa ya Goldenberg, bei za vitu nchini mwetu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka. Ruiru ndiyo inayosikitisha zaidi. Hapa ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa aina ya Ruiru 11, inayostahimili maradhi, mwaka 1985. Miaka minne tu baadaye, Julai 1989, mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika huko London na bei ikaporomoka. Kenya ilivuna takriban tani 130,000 msimu wa 1987/88. Siku hizi haifiki nusu. Mibuni iling'olewa, na tangu barabara kuu ya Thika ikamilike 2012, penye mashamba pamesimama majumba ya ghorofa. Mkulima wa Ruiru alikuwa na hati ya ardhi yake mfukoni na hakuna aliyempakia lorini. Alianguka pia. Wanaomcheka Mwalimu huku Thika wanasimama penye kivuli cha viwanda vilivyofungwa na hawageuzi shingo.

Najua msomaji Mwislamu ana dukuduku jingine lisilohusu kahawa. Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, iliyoasisiwa Mombasa mwaka 1945 kwa msaada wa Aga Khan, ilipigwa marufuku Tanzania Desemba 1968, na BAKWATA ikaundwa mwezi huo huo kushika nafasi yake. Sheikh Hassan bin Ameir, yule yule wa siku za TANU, alirudishwa kwao Unguja. Hili ni deni, wala silifuti kwa sababu bei ya mafuta ilipanda. Ila nataka kila deni liandikwe katika daftari lake. Mtu akiwa amedhulumiwa jumuiya yake asitafute kisasi kwa kumzulia Mwalimu kwamba yeye ndiye aliyeteremsha ukame. Na katika daftari hilo yaandikwe na mengine: kufikia katikati ya miaka ya 1980, kwa takwimu za serikali yake, wasiojua kusoma walibaki kama mtu 1 katika 10. Mtoto wa Kilwa na mtoto wa Bukoba walisoma kwa Kiswahili. Mimi mtunzi wa mashairi siwezi kulipita hilo kama abiria.

Mwenyewe alikuwa mtu wa lugha. Alivifasiri vitabu viwili vya Shakespeare, mmoja wao Mabepari wa Venisi wa mwaka 1969, tamthilia ya mkopeshaji anayedai rehani ya nyama ya mwilini. Miaka kumi baadaye Shirika la Fedha la Kimataifa lilimtaka ashushe thamani ya shilingi na kupunguza huduma, naye akakataa. Waziri wake wa fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu Desemba 1979. Alishika msimamo huo huku nchi ikikosa hata vipuri vya malori, na nadhani alishika kupita kiasi. Novemba 1985 akaondoka madarakani kwa ridhaa yake, akimpisha Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu aliyelelewa Unguja, ambaye alikubaliana na Shirika hilo mwaka uliofuata. Kabla ya hapo marais wa Afrika walioondoka kwa hiari walihesabika kwa vidole. Alirudi Butiama kulima, na alipokiri hadharani kwamba baadhi ya mambo yalikosewa hakuna aliyemlazimisha.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa kijijini kwao. Siku 47 baadaye, Marais Moi, Mkapa na Museveni walikutana Arusha wakatia sahihi mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, na malori yanayopakia Thika yanapita Namanga usiku na mchana.